Risasi Zilizokuwa Zikifupika

Mwezi uliopita nilivua aproni, nikaikunja, nikaiweka juu ya meza ya kazi ambayo sasa ni yako, Baraka. Uliniuliza kama nina neno la kuwaachia. Nikasema sina. Ilikuwa saa ya kufunga, theluji imeanza, na mimi nikiwa na safari ya kurudi Richfield kwenye theluji sina maneno na mtu. Lakini tangu siku ile nakaa nyumbani nasikiliza ndege zikishuka kwenye uwanja wa ndege ulio jirani, na mke wangu amechoka kuniona. Amesema, "Andika basi hayo unayonung'unika peke yako." Ndiyo haya. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayoirudia nikichoka, ingawa najua utanijibu kwa Kiingereza.

Sitaandika nilianza na mshahara gani, wala lini nilikabidhiwa funguo za karakana. Hayo hayamfundishi mtu. Nitaandika kuhusu Arvid, aliyenifundisha kazi hii, na ule mwaka ambao risasi zake zilianza kufupika.

Mimi nilitoka Morogoro kuja huku ughaibuni kusomea ufundi wa mitambo. Nilipomaliza chuo nilikereza vyuma kwenye kiwanda kimoja hapa hapa, hadi kiwanda kikapunguza watu na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Ndipo nikaona tangazo la karakana ndogo Maple Grove, nyuma ya duka la fanicha, inatafuta mtu anayejua tupa. Halikusema tupa ya kunolea nini. Nilipofungua mlango nikakuta bastola ukutani, zimepangwa kama visu vya bucha, nikataka kugeuka nirudi. Mtu mrefu mwembamba, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, akainua kichwa mezani akasema, "Ukifunga mlango joto litabaki ndani." Huyo ndiye Arvid. Nikafunga mlango nikiwa ndani.

Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa mtutu mtupu, uliotolewa kwenye bastola, na kiganja cha risasi za mfano, zisizo na baruti. "Niambie ipi inafaa na ipi haifai."

Nilizitazama. Zote zilikuwa sawa.

"Usitazame," alisema. "Sikiliza."

Akachukua moja, akaiachia idondoke yenyewe ndani ya chemba, yaani pale mwanzo wa mtutu ambapo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Ikatoa sauti ya kijiko kikigonga kikombe. Akaizungusha kwa kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Akachukua nyingine. Hiyo ilishuka kimya, ikasimama kabla ya kufika, na alipoizungusha ikakwaruza. "Hii ni ndefu mno. Kichwa kimegusa mifereji ya mtutu. Bastola haitafunga, na mwenye bastola atasimama mbele ya watu saa inahesabu, anamtukana mama yangu."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na kwa kweli nusu ya yote yaliyofuata ilikuwa humo. Bastola za mashindano ya shabaha, ambazo ndizo zilikuwa kazi yetu, hazifanani na za askari. Zimebanwa kila mahali ili zipige karatasi na sahani za chuma kwa haraka na kwa usahihi, kwa hiyo zina deko. Risasi ikiwa ndefu mno, itasugua ukuta wa mbele wa magazini, yaani kikasha cha risasi kinachochomekwa ndani ya mpini, au itakwama kwenye mifereji. Ikiwa fupi mno, inacheza ndani ya magazini, pua inainama, na slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, inapoisukuma mbele inagonga mteremko wa kuingilia chemba badala ya kuupanda. Na kuna ubaya mwingine wa risasi fupi. Kichwa kilichozama mno ndani ya ganda kimeibia baruti nafasi yake. Baruti ikibanwa, nguvu yake inapanda. Bastola iliyokwama inamuudhi mtu, lakini iliyofyatua risasi iliyofupika inaweza kumpasukia mkononi.

Ukiona bastola inakwama, Baraka, usikimbilie tupa. Pima risasi kwanza. Nimeona mteremko wa chemba uliosuguliwa nyumbani kwa mashine hadi ukapoteza umbo, na mwenyewe akaniletea kwenye mfuko wa plastiki akasema, "Nadhani nimekaribia." Alikuwa amekaribia kununua mtutu mpya.

Arvid alikuwa mtu wa kaskazini, watu wa migodi ya chuma na maneno machache. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa "si mbaya." Nilikaa karibu mwaka mzima bila kuambiwa si mbaya. Kahawa yake ilikuwa nyepesi mno, unaona kitako cha kikombe. Aliponiona natandika mswala nyuma ya mashine ya kukereza, hakuuliza kitu, ila siku iliyofuata nilikuta amefagia pale na amehamisha pipa la mabaki ya chuma.

Kwenye misiba na harusi zetu watu wakiniuliza kazi, nilikuwa nasema fundi chuma, nageuza mazungumzo. Siku moja ndugu mmoja alining'ang'ania mpaka nikamwambia. Akasema, "Bunduki? Na ulivyosoma?" Jibu lililo kamili sina hadi leo. Kila televisheni ilipotangaza kwamba mtu ameingia mahali na kuua watu, asubuhi yake nilikwenda kazini mabega yakiwa mazito, na Arvid naye alikuwa amezima redio. Hatukuwahi kulizungumza. Tulipima, tukapiga tupa, tukapima tena. Mwenye kazi hii ambaye hajawahi kuchoka namna hiyo, mimi namwogopa.

Mbali na kurekebisha bastola, Arvid alikuwa na leseni ya kutengeneza risasi kwa wateja wa mashindano. Alikuwa na presi ya mkono, amekaa nayo kona ya dirisha. Ukivuta mkono, ganda linahama hatua kwa hatua. Hapa linapata kiwashio, pale baruti, na mwisho kifaa cha juu kinakandamiza kichwa ndani ya ganda hadi urefu uliopangwa. Vichwa alivyotumia vilikuwa vya madini laini ya risasi, vilivyopakwa nta. Hiyo nta ndiyo adui. Kila kichwa kinachokandamizwa kinaacha nta kidogo, ndogo kama pumzi, ndani ya kile kifaa. Ikijazana, inasukuma kichwa chini zaidi ya ulivyopanga. Hakuna skrubu iliyolegea wala kelele yoyote, ila risasi inazidi kufupika kidogo kidogo, na mkono wako hausikii.

Kwa hiyo Arvid alikuwa anasimama kila baada ya muda, anafungua kifaa, anakifuta kwa kitambaa, anapima risasi, anaendelea. Aliniambia, "Watu wanadhani presi ikiwekwa sawa asubuhi itabaki sawa jioni. Hata mimi sibaki sawa hadi jioni." Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini yeye hakuwa mtu wa kucheka.

Miaka ikaenda hivyo. Nilipata ile "si mbaya," nikapata na nyingine.

Njeri alikuja wakati ambapo Arvid alikuwa ameshakuwa mzee wa kweli, na mimi nywele zimeanza kunihama. Alikuwa muuguzi, Mkenya, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee Saint Paul. Rafiki yake wa kazini alikuwa amempeleka uwanja wa shabaha kumtoa mawazo, na mawazo yakatoka kweli. Akanunua bastola nzuri ya mashindano, na risasi akawa ananunua kwetu. Aliponisikia nikiongea na mke wangu kwenye simu, macho yakamtoka.

"Kumbe mzee wewe ni wa nyumbani! Na mimi nimekuwa nikijikaza na Kizungu hapa siku zote."

"Nyumbani kwako wapi?"

"Nyeri. Lakini saa hii niko Frogtown, juu ya duka la nguo. Mzee, hebu nisaidie. Hii kitu ina-jam sana. Nikianza match iko poa kabisa. Nikifika katikati, inaanza kukwama. Wanaume wa club wananiambia ati mkono wangu umechoka."

Si jambo la kupuuza, kwa sababu mkono uliolegea kweli hukwamisha bastola. Slaidi inahitaji mkono uliokaza wa kuizuia inaporudi nyuma. Arvid akaja, akamsalimia, akashika kiganja chake, akamwonyesha jinsi ya kukaza kifundo. Kwa upole kabisa akamwambia ni mkono. Mimi nilipima risasi chache za mwanzo wa boksi lake, zikawa sawasawa. Nikabadilisha springi ya magazini, akaondoka.

Baada ya wiki kadhaa alirudi. Hakusalimia vizuri. Aliweka mfuko wa bastola mezani, na boksi letu jingine la risasi ambalo alikuwa hajalifungua.

"Nimetolewa kwa match. Imekwama mara tatu mfululizo, range officer, yule msimamizi, akaniambia nisimame pembeni. Mzee, niambie ukweli. Kama ni mkono wangu, naiuza leo, niachane na hii mambo."

"Ulikuwa umechoka?"

"Mzee!" Akaniwekea mikono yote miwili juu ya meza, viganja juu. "Mimi nageuza wagonjwa kitandani shifti nzima. Watu wa kilo mia na kitu. Nawainua, nawaosha, narudisha. Huu mkono utachoka na kitu ya kilo moja?"

Niliitazama ile mikono. Ilikuwa minene pale kwenye kifundo, na haikutetemeka. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuwa nimemuuliza mapema, kwamba risasi anazitoa vipi kwenye boksi. Akasema anaanza kona moja, anafuata mistari, kama mtu mwenye akili. Na Arvid, kwa mazoea yake, alizipanga boksini kwa mistari hiyo hiyo, kadiri zilivyotoka kwenye presi.

Tukaenda kwenye kijiuwanja cha majaribio cha nyuma. Nikamjazia magazini kutoka upande wa mwisho wa boksi. Mkono wake ulikuwa mbichi, ndiyo kwanza asubuhi. Risasi ya kwanza ilipiga, na mlio wake haukunipendeza, ulikuwa mkali. Ya pili ikakwama, pua imezama kwenye mteremko.

"Weka chini," nikamwambia. "Usipige nyingine."

Tukarudi ndani, nikazitoa zote. Nikazipanga juu ya meza, mbele ya dirisha, kutoka ya kwanza ya boksi hadi ya mwisho. Nikaweka rula juu ya vichwa vyake, na mwanga ukapita chini ya rula upande mmoja. Zilikuwa zinashuka. Nikapima kwa kalipa ili nisiamini macho yangu peke yake, na kalipa ikasema vilevile. Zile za mwisho zilikuwa fupi kiasi cha kumpasukia mtu mkononi. Ni nta, basi. Mtu alikuwa amevuta mkono wa presi boksi zima bila kusimama hata mara moja kufuta.

Njeri alikuwa anazitazama. "Kwa hivyo si mkono wangu."

"Si mkono wako. Haukuwahi kuwa mkono wako."

Nilitegemea angefurahi. Alikaa juu ya kigoda, akauliza taratibu, "Hizi zinatengenezwa na nani? Ni huyu mzee wako?"

"Ni yeye."

"Naomba niseme kitu, na usinikasirikie." Alishusha sauti, ingawa Arvid alikuwa amekwenda posta. "Siku ile alinisalimia mara tatu. Kila mara kama ndiyo tunaonana kwanza. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia, akaniuliza tena. Mzee, mimi hiyo ndiyo kazi yangu. Naona watu wa hivyo kila siku ya Mungu. Nilinyamaza kwa sababu nani ataniuliza mimi, customer?"

Sikumkasirikia. Nilikuwa nakumbuka kahawa. Kwa wiki kadhaa Arvid alikuwa akinimiminia kikombe cha maji ya moto, maji matupu, bila kahawa. Nami nilikuwa nayanywa, nikidhani ameipunguza tena.

Asubuhi iliyofuata niliwahi. Arvid akaja, akaning'iniza koti, akakaa kwenye presi. Nikamwekea zile risasi mbele yake, na rula. Tulikuwa na tabia ya kuonyeshana kazi bila maneno. Alizitazama, akainua moja, akaichezesha.

"Nani amegusa presi yangu?"

"Hakuna aliyegusa, Arvid."

"Ni wewe umegusa. Umebadilisha urefu."

Katika miaka yote hakuwahi kuniambia neno kama lile. Lakini nilimwona usoni hana hasira. Alikuwa ananiomba niseme ndiyo, ni mimi. Na kama ingekuwa ni chombo kilichovunjika, wallahi ningesema ni mimi.

"Fungua kifaa," nikasema. "Tukiangalie wote wawili."

Akakifungua. Nta ilikuwa imejaa ndani, ngumu, nyeusi, imechukua umbo la kichwa cha risasi. Alichokonoa kwa kibanio ikatoka kipande kizima, akakiweka kiganjani.

"Nilisafisha jana," alisema.

"Labda."

"Usiniambie labda. Sikukufundisha labda."

"Basi hukusafisha, Arvid. Na si jana tu."

Akakifunga kiganja. Akasimama, akavaa koti lake, akatoka nje, akaingia kwenye gari lake akawasha injini. Hakwenda popote. Nilimwona kupitia dirishani amekaa, mikono juu ya usukani, moshi unapanda nyuma kwenye baridi. Nilitaka kumfuata, nikajizuia. Kuna mambo mtu anapaswa kuyasikia akiwa peke yake na hita ya gari. Nikatengeneza kahawa, ya kweli, nyeusi, nikasubiri.

Aliporudi hakuigusa. Akavuta simu karibu. "Nisomee namba za wote walionunua tangu majira ya joto."

"Nitawapigia mimi."

"Jina lililo kwenye boksi ni langu."

Akawapigia wote, siku ile na siku iliyofuata. Kwa kila mmoja alisema maneno yale yale, kwamba asipige hata moja, azirudishe, kosa ni la Arvid. Hakusema ameanza kusahau. Mimi nilikaa pembeni nikiweka alama kwenye majina, maana aliwapigia baadhi mara mbili, na nilipoona anarudia niligusa mkono wake tu, akahamia jina linalofuata. Mwingine alishukuru. Mwingine alitukana. Na mmoja akasema ganda lilikwisha kumpasukia Jumapili iliyopita. Magazini ilitoka kwa chini kama imetupwa, na kiganja chake kimeshonwa.

Arvid akaweka simu chini. "Nipeleke," akasema.

Nikampeleka. Yule bwana alitufungulia mlango na bandeji mkononi. Arvid alivua kofia kwenye ule upepo, akasimama pale ngazini. "Ningeweza kukuua," akamwambia. Yule bwana naye alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, nilimwona nayo mdomoni. Akamtazama yule mzee aliyevua kofia kwenye baridi, akasema, "Ingieni ndani, masikio yako yatakatika." Tulikunywa chai. Njiani kurudi Arvid aliniuliza tunatoka wapi.

Tulitumia majira yaliyobaki ya baridi kuzivunja risasi zilizorudishwa, moja moja, kutoa kichwa, kumwaga baruti, kutenga ganda. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote nilizowahi kufanya. Kuunda risasi kuna mdundo wake, ila kuibomoa hakuna hata mdundo. Arvid alikaa nami kila siku, hakuigusa presi tena. Mimi ndiye niliyekaa kwenye presi, na kila niliposimama kufuta kifaa nilihisi ananitazama mgongoni. Sikuthubutu kugeuka.

Njeri alipata boksi jipya, za kwangu, nimezipima moja baada ya nyingine kama mtu mwenye wazimu. Akaenda kwenye mashindano. Jumatatu yake akaingia karakana na sare za kazi, hajalala.

"Zimeingia zote! Mzee, zote! Hata moja haijakwama. Sijashinda, usiniulize nimekuwa wa ngapi. Lakini wale wanaume wa club nimewaangalia hivi." Akaonyesha jinsi alivyowaangalia.

Arvid, aliyekuwa kwenye kiti chake cha dirishani, akaitikia kwa kichwa. "Si mbaya," akasema. Kisha akanyoosha mkono, kwa adabu, akamwambia jina lake, akamuuliza na yeye anaitwa nani.

Njeri akaushika ule mkono kwa mikono yote miwili. "Naitwa Njeri," akasema. "Nimefurahi kukujua."

Majira ya kuchipua binti yake Arvid, Karin, alinipigia simu. Daktari alikuwa ameshasema lile tulilokwisha kulijua. Karin alikuwa analia kidogo, akijizuia. Baba yake bado anakaa peke yake, na nyumbani ana bastola zake mwenyewe, za ujana wake, na hataki mtu azitoe. Amesema labda Saidi. Saidi ni mimi.

Nilikwenda mchana. Alikuwa amezipanga juu ya meza ya kulia chakula, kwenye taulo, safi, zinang'aa mafuta. Alikuwa amevaa shati zuri. Tulisimama pande mbili za meza. Akachukua ya kwanza, akatoa magazini, akavuta slaidi nyuma, akatazama ndani ya chemba, akaingiza kidole kuhakikisha, kisha akanigeuzia nami nitazame. Ndivyo tulivyopokezana silaha maisha yetu yote. Hata ukimwona mwenzako ameikagua, unaikagua tena, na hakuna anayechukia. Nikatazama. Tupu. Nikaiweka kwenye kasha. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu akanisimulia aliinunua wapi, na mvua iliyokuwa inanyesha.

Ya mwisho aliishika muda mrefu. Ilikuwa ndogo, kuukuu, mpini wa mbao umechakaa. Akatoa magazini, akaiweka chini. Kisha akaninyooshea bastola, kitako mbele.

"Tupu," akasema.

Niliipokea. Nikaelekeza mtutu kwenye kona ya sakafu, nikavuta slaidi. Risasi ikaruka kutoka kwenye chemba, ikagonga meza, ikabingirika hadi ukingoni, ikaanguka kwenye zulia.

Karin alikuwa mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Arvid aliinama, magoti yakilia, akaiokota. Hakuitazama sana. Aliifunga kwenye kiganja kama alivyofanya na ile nta, kisha akafungua, akanipa.

"Chukua zote," akasema. "Chukua na visu vya kuwindia. Chukua na funguo za gari." Akamgeukia bintiye. "Mpe funguo, Karin."

Nilipakia kila kitu. Aliniongoza hadi nje, akasimama kwenye nyasi zilizokuwa bado za kahawia, mikono mitupu, kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua.

"Sasa utakuwa huna sababu ya kuja," akasema.

"Nitakuja Jumamosi."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Akafikiri. "Si mbaya," akasema.

Hiyo ni miaka mingi kidogo sasa. Niliendesha karakana kadiri nilivyoweza, ukaja wewe, na mengine unayajua. Kama unataka ushauri, basi ni huu. Futa kifaa. Usisubiri kuhisi kimejaa, kwa sababu hutahisi. Na mwombe mtu unayemwamini akupimie kazi yako bila kukuonea haya, umwombe mapema, wakati bado unaweza kumsikia.

Arvid yuko kwenye nyumba ile ile anamofanyia kazi Njeri. Njeri ndiye anayemnyoa ndevu, na ananiambia kwa simu siku zipi ni nzuri na zipi nisisumbuke. Nasumbuka zote. Jumamosi nashika barabara kwenda Saint Paul, nakaa naye dirishani, tunaangalia magari. Hajui tena bastola ni nini, na hilo, nikisema kweli, limenipumzisha hata mimi. Jina langu limemtoka pia. Ananiita Nils, jina la ndugu yake aliyekufa zamani, ananiuliza kama barafu ya ziwani imeshakuwa nene ya kutubeba.

Namwambia bado, tungoje kidogo. Na akiniita Nils, naitika.